Baden-Powell: Mwanajeshi aliyewaita vijana wa dunia kambini, akazikwa Nyeri

MNAMO Agosti 6, 1920, katika ukumbi wa Olympia jijini London, maelfu ya wavulana kutoka nchi 34 walipaza sauti kumtangaza mzee wa miaka 63 kuwa Skauti Mkuu wa Ulimwengu.

Wengi wa wavulana hao walikuwa hawajawahi kuvuka mipaka ya nchi zao. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekoma miezi 21 tu kabla ya siku hiyo, na wengi walikuwa wametoka katika jamaa zilizopoteza baba, kaka au wajomba kwenye mahandaki ya Ulaya.

Sasa walikuwa wakipika pamoja, wakilala katika mahema jirani na kujaribu kuelewana kwa ishara pale lugha ilipokwama.

Mzee aliyewaita, Robert Baden-Powell, hakuwa mwalimu wala kasisi. Alikuwa jenerali mstaafu aliyejipatia jina katika vita vya kupanua na kulinda himaya ya Uingereza, vingi vyavyo hapa barani Afrika.

Miongo miwili baadaye alizikwa Nyeri, mkabala na Mlima Kenya. Tangu hapo maskauti kutoka kila pembe ya dunia wamekuwa wakifunga safari kuja kulizuru kaburi lake.

Wakenya wengi wanalijua kaburi hilo kuliko wanavyomjua aliyelala humo. Aliwafundisha vijana kwamba mgeni ni ndugu, ilhali yeye mwenyewe hakuutekeleza udugu huo kikamilifu kila alipokanyaga. Kusimulia upande mmoja na kuuficha wa pili ni kumdhulumu msomaji.

Mtoto wa msomi

Baden-Powell alizaliwa jijini London mnamo Februari 22, 1857. Baba yake alikuwa kasisi na profesa wa jiometria katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alifariki mwaka 1860, mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu, na mama, Henrietta Grace, akabaki na kazi ya kuwalea watoto wake akiwa mjane.

Alisomea shule ya Charterhouse, iliyohama kutoka London hadi mji wa Godalming mwaka 1872. Darasani hakuwa wa kusifika sana. Alipenda michezo, muziki na maigizo, lakini zaidi ya yote alipenda kichaka kilichokuwa karibu na shule.

Humo alijifunza kutega sungura, kuwasha moto usiotoa moshi ili walimu wasimgundue, na kukaa kimya hata wanyama wamsogelee bila hofu. Elimu hiyo ya wizi wizi ndiyo iliyomfaa maishani kuliko ile ya vitabuni.

Alishindwa kupata nafasi Oxford, chuo alichokuwa akifundisha baba yake. Mwaka 1876 akafanya mtihani wa kujiunga na jeshi, akafaulu vizuri mno, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa India akiwa afisa kijana wa kikosi cha wapanda farasi cha 13th Hussars.

Huko ndiko alikoanza kuwafunza askari upelelezi: kusoma nyayo, kutambua njia gizani na kufanya kazi katika vikundi vidogo vyenye kiongozi wao. Aliamini kwamba askari anayeweza kujiamulia mambo ni bora kuliko yule anayengoja kuamrishwa. Wazo hilo la kikundi kidogo ndilo lililokuja kuwa uti wa mgongo wa uskauti.

Damu kabla ya kambi

Afrika ilimjenga Baden-Powell, na vilevile Afrika ndiyo inayomshtaki.

Mwaka 1888 alikuwa katika msafara wa Waingereza dhidi ya Dinuzulu, mfalme wa Wazulu. Alirejea na shanga za mti alizosema zilikuwa za mfalme huyo. Kuanzia 1919, viongozi wa maskauti waliohitimu mafunzo yao walivishwa shanga za namna hiyo shingoni, na desturi hiyo ingalipo. Ni wachache wanaozivaa ambao hukumbuka kwamba asili yake ni mfalme aliyeshindwa vitani.

Mwishoni mwa 1895 alipelekwa Asante, katika nchi ambayo sasa ni Ghana, akisimamia kikosi cha Waafrika kilichotangulia kufyeka njia na kupeleleza. Mfalme Prempeh alisalimu amri bila vita, lakini alikamatwa na hatimaye kuhamishiwa visiwa vya Ushelisheli, asirejee kwao hadi mwaka 1924.

Mwaka 1896 ilikuwa zamu ya Matabeleland, Zimbabwe ya leo, ambako Wandebele walikuwa wameinuka dhidi ya walowezi. Katika milima ya Matobo, Baden-Powell alikutana na mpelelezi Mmarekani, Frederick Russell Burnham, aliyemwongezea maarifa ya kuishi porini. Wakati huo ndipo alipoanza kuvaa kofia ya ukingo mpana iliyokuja kuwa alama ya skauti.

Wapenzi wake husimulia kwamba wenyeji walimpa jina la Impeesa, na kwamba maana yake ni mbwamwitu asiyelala. Anayeijua lugha ya Kindebele au Kizulu atatabasamu, kwani impisi si mnyama mwingine ila fisi.

Katika vita hivyohivyo kulitokea jambo ambalo halimstahi. Chifu Uwini alikamatwa akiwa amejeruhiwa. Baden-Powell aliamuru ahukumiwe na mahakama ya kijeshi, kisha akaidhinisha auawe kwa kupigwa risasi. Uchunguzi ulifanywa na mwisho wake akaondolewa lawama, lakini doa halikufutika.

Umaarufu mkubwa ulimjia Mafeking, mji wa Afrika Kusini ambao siku hizi huandikwa Mahikeng. Makaburu waliuzingira kuanzia Oktoba 13, 1899 hadi Mei 17, 1900, jumla ya siku 217, na Kanali Baden-Powell ndiye aliyekuwa kamanda ndani ya mji.

Alitumia hila nyingi kumhadaa adui, ikiwemo kuwaamuru askari wajifanye wanaruka nyaya za miba ambazo hazikuwepo. Wavulana wa Kizungu walipewa sare na kupelekewa kazi ya tarishi, wakisambaza barua na amri kwa baiskeli. Ujasiri wa watoto hao ulimkaa moyoni, na baadaye aliutaja mara kwa mara alipoeleza wazo la uskauti lilikotoka.

Hata hivyo, mji huo haukulindwa na Wazungu peke yao. Jamii ya Barolong ililinda upande wake kwa bunduki, na Waafrika ndio waliochimba mahandaki na kupenya usiku kupitia safu za Makaburu wakibeba barua na kuleta ng'ombe.

Chakula kilipopungua, mgao wa Waafrika ulipunguzwa kuliko wa Wazungu. Wakimbizi wengi walishinikizwa waondoke mjini, na wengi wakafa kwa njaa au kwa risasi za Makaburu walipojaribu kutoka.

Ukweli huo ulihifadhiwa na kijana Mwafrika, Sol Plaatje, aliyekuwa mkalimani wa mahakama mjini humo na ambaye mwaka 1912 alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Shajara aliyoiandika wakati wa mazingiwa hayo ilichapishwa mwaka 1973, miaka mingi baada ya kifo chake.

London ilipopata habari kwamba Mafeking imeokolewa, watu walimiminika barabarani wakishangilia usiku kucha. Baden-Powell alipandishwa cheo na kuwa meja jenerali akiwa na miaka 43. Habari za Wabarolong waliokufa hazikushangiliwa wala kuombolezwa na umati huo.

Wavulana 20 kisiwani

Aliporejea Uingereza mwaka 1903 kuwa mkaguzi mkuu wa vikosi vya wapanda farasi, alishangaa kukuta wavulana wakikisoma kitabu chake cha upelelezi alichokuwa amekitungia askari. Kitabu hicho kilikuwa kimetolewa mwaka 1899, na umaarufu wa Mafeking ulikuwa umekipeleka hadi shuleni.

Marafiki zake, akiwemo William Smith aliyeanzisha Boys' Brigade, walimhimiza akiandike upya kwa ajili ya vijana. Yeye alitaka kwanza kuona kama mambo hayo yangewezekana.

Mapema Agosti 1907 aliwachukua wavulana wapatao 20 hadi kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Baadhi walikuwa wana wa matajiri kutoka shule za kifahari na wengine wana wa wafanyakazi wa miji ya Poole na Bournemouth.

Katika Uingereza ya wakati huo, watoto wa matabaka hayo mawili hawakuwa na mahali pa kukutana wakiwa sawa. Aliwachanganya, akawagawa katika vikundi vinne na kila kikundi akakipa kiongozi kutoka miongoni mwao.

Asubuhi aliwaamsha kwa kupuliza pembe ya tandala aliyoipata Matabeleland. Mchana walijifunza kufunga mafundo, kupika na kufuata nyayo. Usiku waliketi kuuzunguka moto akawasimulia hadithi za Afrika.

Jaribio lilifaulu. Kuanzia Januari 1908 kitabu chake cha uskauti kwa wavulana kilianza kutolewa kwa sehemu sita, na kabla ya yeye kupanga lolote, wavulana walikuwa tayari wamejikusanya katika vikundi wakatafuta watu wazima wa kuwaongoza.

Mwaka 1909 wapatao 11,000 walifika katika mkutano wao kwenye jumba la Crystal Palace, London. Wasichana nao walijitokeza wakiwa wamevaa sare za kujishonea, wakitaka nafasi yao. Mwaka uliofuata tawi la wasichana, Girl Guides, lilianzishwa likiongozwa na dada yake, Agnes.

Mwaka huohuo wa 1910 Baden-Powell aliacha jeshi akiwa na miaka 53. Uskauti ulikuwa umekwisha kuvuka bahari, na Kenya ni miongoni mwa nchi ambako ulianza mwaka huo.

Mwaka 1912 alikutana melini na Olave Soames, msichana wa miaka 22 aliyezaliwa tarehe moja naye, Februari 22. Walifunga ndoa mwezi Oktoba mwaka huo na wakajaliwa watoto watatu. Olave ndiye aliyekuja kuwa kiongozi mkuu wa tawi la wasichana duniani mwaka 1930.

Kambi ndani ya ukumbi

Vita vilipozuka mwaka 1914, maskauti wa Uingereza walilinda pwani na kupeleka habari. Wengi waliokuwa wamekua wakaenda vitani, na maelfu hawakurudi.

Wapo waliomlaumu Baden-Powell kwamba aliwaandaa watoto kuwa askari. Lawama hiyo haikuwa bila msingi, kwani sare, gwaride na utii vilitoka jeshini. Lakini vita hivyo vilimbadilisha yeye pia. Aliyekuwa akizungumzia kulinda himaya alianza kuzungumzia amani ya dunia.

Njia aliyoichagua ilikuwa rahisi: kuwakutanisha vijana wa mataifa mbalimbali wangali wadogo, kabla hawajafundishwa kuchukiana. Mkutano huo aliuita jamborii.

Wapo wanaoamini kwamba jina hilo lilitokana na salamu yetu ya jambo. Dhana hiyo inapendeza masikioni mwetu, lakini neno hilo lilikuwa likitumika Marekani tangu karne ya 19 kwa maana ya sherehe yenye vishindo.

Jamborii ya kwanza ilifanyika Olympia kuanzia Julai 30 hadi Agosti 8, 1920 na ilihudhuriwa na maskauti wapatao 8,000. Kwa kuwa ilikuwa ndani ya jumba lenye paa la vioo, udongo ulimwagwa sakafuni ili mahema yapate kusimama.

Wavulana walikuja hata na wanyama, wakiwemo mamba mdogo kutoka Jamaica na mwanasimba kutoka Rhodesia. Maelfu walilala katika mahema mjini Richmond kando ya mto Thames, na mvua iliponyesha baadhi waliamka na kukuta maji yameingia walikolala.

Kwa kijana wa leo mwenye simu mkononi, huenda ni vigumu kuona uzito wa jambo hilo. Mwaka 1920 mtoto wa kijijini Uingereza alimjua Mfaransa au Mmarekani kwa picha za magazetini tu. Kambini alimkuta kwenye foleni ya maji, akamwona akiunguza uji kama yeye na akimlilia mama usiku kama yeye.

Hilo ndilo lililokuwa somo lenyewe. Hotuba zilikuwepo, lakini hazikuwafunza vijana kama kazi ndogondogo za kambi zilivyowafunza.

Matope ya Birkenhead

Baada ya jamborii ya pili nchini Denmark mwaka 1924, ya tatu ilifanyika mwaka 1929 katika bustani ya Arrowe Park, karibu na mji wa Birkenhead. Ilihudhuriwa na maskauti zaidi ya 30,000, na wageni waliokuja kutazama walizidi 300,000.

Mvua ilinyesha siku nyingi hata kambi ikageuka bwawa la matope. Mahema yalilowa na vijana wakatembea matope yakiwafika vifundoni. Hata hivyo, wengi wao walipozeeka waliyasimulia matope hayo kwa fahari, kwa maana shida waliyoishiriki ndiyo iliyowaunganisha.

Maskauti wa dunia walikuwa wamechanga senti zao, mmoja mmoja, kumnunulia kiongozi wao zawadi. Husimuliwa kwamba Olave alipomuuliza mumewe kisiri anataka nini, alijibu kwa mzaha kuwa labda mikanda ya kushikia suruali. Alipewa mikanda hiyo, na juu yake gari la Rolls-Royce na nyumba ya kukokotwa na gari.

Siku ya kufunga, alizika shoka ndani ya pipa lililojaa mishale ya rangi ya dhahabu. Shoka liliwakilisha vita na uadui. Kisha mishale ikagawiwa kuelekea kaskazini, kusini, mashariki na magharibi ili kila kundi liipeleke kwao kama ishara ya amani.

Dunia haikuifuata mishale hiyo. Italia ya Mussolini ilikuwa imepiga marufuku uskauti mwaka 1927, na Ujerumani ya Hitler ikafanya vivyo hivyo baadaye. Watawala hao walitaka vijana wenye sare pia, lakini hawakutaka wawe na ndugu ng'ambo ya mpaka.

Jamborii ya mwaka 1933 iliandaliwa nchini Hungary na kuhudhuriwa na maskauti wapatao 26,000. Mkuu wa kambi alikuwa Pál Teleki, msomi wa jiografia aliyekuja kuwa waziri mkuu wa nchi hiyo. Mnamo Aprili 1941, nchi yake ilipokubali kushiriki katika kuivamia Yugoslavia ambayo ilikuwa imetia nayo saini mkataba wa urafiki, Teleki alijiua.

Kabla ya mwaka huo kwisha, Uingereza na Hungary zilikuwa maadui rasmi vitani. Miongoni mwa vijana waliokula sahani moja mwaka 1933, wapo waliojikuta pande mbili za bunduki.

Je, kambi zilikuwa kazi bure? Anayesema hivyo anasahau kwamba mwaka 1947, mara tu baada ya vita, vijana wapatao 24,000 walikutana tena Moisson, Ufaransa, katika jamborii iliyopewa jina la amani. Waliokutana humo walikuwa watoto wa nchi zilizotoka kubomolewa, na walichagua kurudi kwenye moto uleule.

Kanuni iliyosahau rangi

Kanuni ya nne ya maskauti ilisema kwamba skauti ni rafiki wa wote na ndugu wa kila skauti mwenzake, pasipo kujali nchi, tabaka wala dini. Msomaji makini atagundua kinachokosekana. Rangi haikutajwa.

Katika makoloni ya Uingereza, pengo hilo lilikuwa pana vya kutosha kupitisha ubaguzi wote. Nchini Afrika Kusini, viongozi wa maskauti wa Kizungu waliwakataa wavulana Waafrika, ambao walianzishiwa chama chao cha Pathfinders mwaka 1922.

Baden-Powell alilijua jambo hilo. Mwaka 1936, alipozuru nchi hiyo, alikubali mpango wa kuwaweka Waafrika, Wahindi na machotara katika matawi yao mbali na Wazungu. Ilimpasa kuchagua baina ya kanuni yake na walowezi waliotishia kujitoa, akaridhika na suluhu iliyowaacha watoto weusi nje ya hema. Matawi hayo hayakuunganishwa hadi mwaka 1977.

Hapa Kenya shule zilitengwa kwa rangi, na vikundi vya skauti vilivyokuwa shuleni vikafuata mkondo huohuo. Mvulana Mwafrika angeweza kuapa kiapo kilekile na kuvaa skafu ileile, ilhali mwenzake Mzungu aliyekuwa maili chache kutoka kwake hakulazimika kumpa mkono.

Hata hivyo, watoto hushika maneno kama yalivyo. Mtoto aliyefundishwa na shule ya misheni kwamba skauti wote ni ndugu alikuwa amepewa kipimo cha kuwapimia wakubwa wake, na wakoloni hawakuwa na njia ya kukirudisha kipimo hicho mfukoni.

Lawama nyingine imemfuata kutokana na shajara yake ya mwaka 1939, ambamo alikisifu kitabu cha Hitler ingawa alieleza kwamba mwenyewe hatendi anayoyahubiri. Kwa upande wa pili, Wanazi walipoandaa orodha ya watu wa kukamatwa endapo wangeiteka Uingereza, jina la Baden-Powell lilikuwemo.

Jua la mwisho Nyeri

Jamborii yake ya mwisho ilikuwa ya tano, iliyofanyika Uholanzi mwaka 1937. Alikuwa na miaka 80. Aliwaaga vijana wapatao 28,000 akijua kwamba hatawaona tena wakiwa pamoja, na hakika hakuwaona.

Alikuwa ameizuru Nyeri mwaka 1935, kwa mwaliko wa Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kumfanyia kazi miaka ya mwanzo ya uskauti na ambaye sasa alimiliki hoteli ya Outspan na ile ya Treetops, iliyojengwa juu ya mti msituni. Baden-Powell aliipenda mandhari ya mahali hapo, na moyo wake ulipodhoofika, daktari akamshauri apumzike, alichagua kuja huku.

Nyumba ndogo ilijengwa katika uwanja wa Outspan, akahamia na mkewe mwaka 1938. Waliiita Paxtu. Nyumba yao ya Uingereza iliitwa Pax Hill, na pax kwa Kilatini ni amani. Silabi iliyoongezwa husikika kama neno la Kiingereza lenye maana ya mbili, na pia kama lile lenye maana ya vilevile.

Hapo aliketi barazani akichora kwa rangi za maji ndege, tembo na Mlima Kenya, na kuandika vitabu vidogo kuhusu nchi hii.

Alichokiona kutoka barazani hakikuwa picha nzima. Wakikuyu walioishi kandokando ya mji huo walikuwa wakinung'unikia ardhi yao iliyochukuliwa, na miaka 11 baada ya kifo chake misitu aliyoichora ikawa uwanja wa vita vya Mau Mau. Treetops yenyewe iliteketezwa mwaka 1954.

Baden-Powell alifariki Januari 8, 1941, akiwa na umri wa miaka 83, Ulaya ikiwa imo vitani kwa mara ya pili. Alizikwa kwa taadhima za kijeshi katika makaburi ya kanisa la St Peter's, wanajeshi na maskauti wakimsindikiza.

Juu ya jiwe la kaburi kuna duara lenye nukta katikati. Katika alama za njiani wanazojifunza maskauti, maana yake ni kwamba aliyepita hapa amekwenda nyumbani. Olave alifariki mwaka 1977 nchini Uingereza, na majivu yake yakaletwa Nyeri kuwekwa kando ya mumewe.

Aliacha barua ya kuwaaga maskauti akiwausia kwamba njia ya kupata furaha ni kuwafurahisha wengine. Mali aliyoacha haikuwa ya kutajika kwa mtu aliyeongoza mamilioni.

Kambi ambayo haijafika

Mwaka 2007, miaka 100 tangu kambi ya Brownsea, vijana wapatao 40,000 walikutana Hylands Park, Uingereza, wakaapa upya asubuhi ya Agosti 1. Mwaka 2023, nchini Korea Kusini, vijana zaidi ya 40,000 walikumbwa na joto kali kambini Saemangeum, kisha wakahamishwa wote kwa hofu ya kimbunga Khanun. Uskauti umeendelea kukua, na vilevile lawama dhidi ya mwasisi wake. Mwaka 2020 mjini Poole, mkabala na kisiwa cha Brownsea, kulizuka mzozo kuhusu iwapo sanamu yake iondolewe.

Mwafrika hahitaji kungoja mzozo wa Poole ili aamue la kusema. Wabarolong, Uwini na wavulana waliofungiwa nje ya hema Afrika Kusini ni sehemu ya maisha ya Baden-Powell, na wanapaswa kutajwa pale tunapotaja Brownsea na Olympia.

Lakini pia haifai kumnyima haki yake. Wakati ambapo wakuu wa dunia walikuwa wakihesabu bunduki, yeye aliamini kwamba mtoto wa nchi moja akilala wiki mbili jirani na mtoto wa nchi nyingine, itakuwa vigumu kumshawishi kwamba yule ni adui. Alikuwa sahihi. Kosa lake ni kwamba hakulipeleka wazo hilo hadi mwisho wake.

Waliolifikisha mbali zaidi ni wengine. Mwaka 2010 Kenya iliwapokea maskauti wenye umri wa kuanzia miaka 18 katika mkutano wao wa 13 wa kimataifa, ikiwa ni mara ya kwanza kwa mkutano huo kufanyika Afrika. Kila Februari 22, watoto wa makabila na rangi zote huandamana Nyeri wakiwa na skafu shingoni, jambo ambalo lingewatia walowezi kiwewe.

Lipo deni moja. Kufikia mwaka 2023 jamborii za dunia zilikuwa zimefanyika mara 25, zikazuru Ulaya, Asia, Amerika na Australia. Bara ambalo lilimpa Baden-Powell pembe aliyoipuliza Brownsea, shanga wanazovishwa viongozi wake na ardhi aliyozikwa, halijawahi kuandaa hata moja.